Meno yanyooke, kinywa kisinuke

ZAMANI msichana mwenye mwanya katika meno ya mbele alihesabiwa miongoni mwa walioumbwa wakaumbika. Barobaro aliyerudi kwao akasema ameona banati mwenye mwanya hakuulizwa maswali mengi. Siku hizi mambo yamegeuka. Wako wanaouziba mwanya huo kwa gharama kubwa, na wako wanaotaka kila jino lisimame kwenye foleni kama askari wa gwaride.

Tembea mitaa ya Nairobi, Mombasa, Kisumu au Eldoret wakati wa likizo nawe utawaona. Kijana akicheka, vyuma vinametameta kinywani. Wengine wameviwekea mipira midogo ya rangi, bluu na waridi, ili vipendeze. Hata watu wazima wa miaka 30 na 40, walio na kazi zao na watoto wao, wamejiunga na safari hiyo.

Si vibaya. Meno yaliyopandana si suala la urembo pekee. Meno yaliyobanana sana ni vigumu kuyasafisha, na yale ya mbele yaliyochomoza nje huvunjika upesi mtoto anapoanguka au kupigwa na mpira. Wapo pia wasioweza kuuma mkate ukakatika kwa sababu meno ya juu na ya chini hayakutani. Watu hawa wananyoosha meno kwa haja, na si kwa maringo.

Hata hivyo, msomaji mpenzi, liko jambo ambalo wazazi hulinong'onezea vikoi na leso wala hawalitaji mezani. Jambo lenyewe ni harufu. Mtoto alipelekwa kwa daktari, vyuma vikatiwa, familia ikapongezana. Baada ya miezi michache mama anahisi kitu kila mtoto anaposogea kumsalimia. Baba amekihisi pia, ila kila mmoja anamngoja mwenzake aseme.

Mpwa wangu mmoja ana umri wa miaka 14. Likizo ya Aprili alikuja kunisaidia kazi ndogondogo za nyumbani, na tulipokuwa tukisuuza vyombo akaniuliza bila kuniangalia usoni.

"Shangazi, niambie ukweli. Mimi hunuka mdomo?"

Nilimwuliza kwa nini anasema hivyo. Akanieleza kwamba darasani anayeketi naye dawati moja amezoea kugeuza uso akizungumza naye. Yeye mwenyewe ameacha kuinua mkono mwalimu anapouliza swali, na ameacha kwaya ambayo aliipenda tangu shule ya msingi. Alikwisha kumwomba mamake vyuma viondolewe, na hapo alikuwa amekaa navyo kwa miezi saba tu. Babake, aliyechukua mkopo wa chama ili alipe, aliposikia ombi hilo alipandwa na hasira. Hakuna aliyemwuliza sababu.

Nilimjibu ukweli, kwamba ndiyo, harufu ipo kidogo, na kwamba ina dawa. Alilia, kisha akapangusa machozi akaniuliza dawa yenyewe ni ipi. Mimi na mamake tulimrudisha kwa daktari wake, na mengi nitakayoyaeleza hapa yalianzia kwenye kiti kile.

Jambo la kwanza ambalo kila mzazi yafaa alifahamu ni kwamba vyuma vyenyewe havinuki. Aghalabu vimetengenezwa kwa chuma cha pua, na chuma cha pua hakiozi wala hakina harufu. Kinachonuka ni kile kinachojificha nyuma yake.

Hebu fikiria jinsi kazi hii inavyofanywa. Daktari hugundisha kijisahani kidogo kwenye kila jino kwa gundi maalumu, kisha hupitisha waya katika vijisahani hivyo vyote. Waya huo husukuma meno polepole, mchana na usiku. Upande mmoja wa jino mfupa hulegea na kuyeyuka kidogo, na upande wa pili mfupa mpya hujijenga. Ndiyo maana matibabu haya hayana haraka. Wengi hukaa navyo mwaka mmoja na nusu hadi miwili, na wengine huzidi hapo.

Kazi hii haikuzuka jana. Mfaransa Pierre Fauchard alieleza namna ya kunyoosha meno kwa utepe wa chuma katika kitabu alichokichapisha mwaka wa 1728. Naye Edward Angle wa Marekani ndiye aliyepanga, mwaka wa 1899, mafungu ya meno yaliyokosa kukutana vyema, na hadi leo madaktari wanayatumia. Vifaa vimebadilika sana tangu enzi zao, lakini kinywa cha binadamu ni kile kile.

Sasa, kinywa kisicho na vyuma kina njia yake ya kujisafisha. Ulimi hupita huku na huku, mashavu husugua meno, na mate huosha mabaki ya chakula. Vyuma vikishatiwa, njia hizo huzibwa. Punje ya mahindi, uzi wa sukuma wiki, chembe ya nyama au tonge la chapati hupata pembe ya kujibanza, na ulimi haufiki hapo.

Bakteria waishio kinywani hufurahia karamu hiyo. Hujenga juu ya meno utando laini wenye kunata, ule ambao wazee wetu waliuita ukoga. Wale wanaopenda kujificha mahali pasipo na hewa, kama vile chini ya ufizi na sehemu ya nyuma ya ulimi, huvunjavunja protini ya chakula na kutoa gesi zenye salfa. Mojawapo ya gesi hizo ndiyo hufanya yai viza linuke. Hiyo ndiyo harufu inayomfanya mwenzake ageuze uso.

Wengi wetu tulilelewa tukiamini kwamba kinywa kikinuka basi tumbo limechafuka, na mtoto hunyweshwa dawa ya minyoo au ya kuharisha. Ukweli ni kwamba kati ya watu 10 wenye harufu mbaya ya kinywa, wanane au tisa chanzo chao kimo mle mle kinywani. Tumbo huonewa bure.

Ukoga usipoondolewa, harufu ndiyo dalili ndogo. Ufizi huvimba, ukawa mwekundu na kutoka damu mtoto anapopiga mswaki. Akiona damu huogopa, na akiogopa hupiga mswaki kwa kuubembeleza au huacha kabisa, na hapo mambo huzidi kuharibika. Isitoshe, bakteria hao hugeuza sukari kuwa asidi, na asidi hiyo hula madini ya jino kandokando ya kile kijisahani. Madoa meupe kama chokaa yanaweza kuanza kuonekana katika muda wa majuma machache tu.

Hapa ndipo penye hasara kubwa, ewe mzazi. Umelipa fedha ambazo mara nyingi hupita shilingi laki moja. Umengoja miaka miwili. Siku ya kuondoa vyuma inafika, meno yamenyooka kama rula, lakini kila jino lina mraba wenye madoa kuuzunguka, na mengine yametoboka. Daktari anaweza kuyapunguza makali madoa hayo, ila si yote yatakayofutika. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Wasomaji wa Nakuru, Naivasha na sehemu nyingine za Bonde la Ufa wasichanganye mambo. Rangi ya kahawia inayoonekana kwenye meno ya wengi huko hutokana na floraidi nyingi iliyomo katika maji ya chini ya ardhi, ambayo mtoto aliyanywa wakati meno yangali yakiumbika ndani ya ufizi. Hiyo haitokani na uchafu na wala hainuki. Mtoto wa aina hiyo asigombezwe kuwa hapigi mswaki.

Tufanyeje basi? Tuanze na mswaki. Yule mpwa wangu alikuwa akipiga mswaki kila siku, asubuhi na jioni. Daktari alimpa tembe ya rangi aitafune kisha asukutue kwa maji. Tembe hiyo hushika penye ukoga. Alipoonyeshwa kioo, sehemu ya juu ya vijisahani, karibu na ufizi, ilikuwa nyekundu kote. Alikuwa akisugua uso wa vyuma na kuacha mapango.

Mswaki uwe wenye nywele laini. Uinamishe kidogo kuelekea ufizi na usugue juu ya vijisahani, jino baada ya jino. Kisha uinamishe upande wa pili usugue chini yake. Maliza kwa upande wa ndani na sehemu ya kutafunia. Dakika mbili ndizo za chini kabisa kwa mtu asiye na vyuma. Mwenye vyuma atahitaji zaidi. Apige mswaki asubuhi na kabla ya kulala, na ikiwezekana baada ya chakula cha mchana. Dawa ya meno iwe na floraidi, na akishatema povu asisukutue kwa maji mengi, ili floraidi ibaki ikifanya kazi.

Pili, nunua vile viswaki vidogo vya kupenyeza, vinavyofanana na brashi ya kuoshea chupa ya mtoto mchanga isipokuwa ni vyembamba kama njiti. Hupita chini ya waya, kati ya kijisahani na kijisahani. Uzi wa meno pia husaidia, ingawa kuupitisha nyuma ya waya kunahitaji subira na sindano maalumu ya plastiki. Anayejifunza hukasirika juma la kwanza. Juma la tatu mikono inakuwa imezoea.

Tatu, ulimi. Watu wengi husafisha meno yakang'aa na kusahau kwamba bakteria wengi wamelala kwenye ulimi, hasa nyuma. Ukwangue taratibu kutoka nyuma kuja mbele mara moja kwa siku. Kuna vikwanguo vinavyouzwa madukani, na asiye navyo atumie mswaki wake. Asiingize mbali sana hata akatapika.

Ndugu zetu wa Lamu, Mombasa na Garissa wanaotumia mswaki wa mti wana haki ya kujivunia, kwa kuwa mti huo umesafisha meno kwa karne nyingi. Hata hivyo nyuzi zake hazifiki vizuri chini ya waya. Mwenye vyuma autumie kwa upande wa ndani na wa kutafunia, lakini asiache mswaki wa kawaida. Mkaa na majivu aviache kabisa, kwani hukwaruza meno.

Vipi kuhusu maji ya kusukutua yenye harufu nzuri? Hayo ni kama marashi juu ya nguo chafu. Hufunika harufu kwa muda, na ukoga unabaki palepale. Yale yenye alkoholi hukausha kinywa, na kinywa kikavu ndicho hunuka zaidi. Ndiyo sababu sote huamka na harufu asubuhi. Usiku mate hupungua. Mtoto anayelala mdomo wazi kwa sababu ya mafua yasiyokwisha huathirika zaidi. Maji ya kunywa, ya kawaida tu, ni rafiki mkubwa wa kinywa.

Tukija kwa chakula, kuna vitu ambavyo mwenye vyuma yafaa aviage kwa muda. Muwa wa kutafuna, mahindi ya kuchoma kwenye gunzi, mifupa ya nyama choma, barafu na njugu ngumu vinaweza kubandua kijisahani. Tofi, chingamu na mabuyu ya rangi hunata na kujaza sukari kila pembe. Soda na sharubati za pakiti zinaosha meno kwa sukari na asidi. Hakuna haja ya kuishi kwa uji. Mahindi yapukuchue, muwa ukamue, tofaa na karoti zikate vipande vidogo. Ugali, wali, maharagwe, samaki na mboga ni sawa, mradi baada ya mlo asukutue vizuri.

Wapo wanaotumia vile vifuniko vya plastiki visivyoonekana, vinavyovuliwa wakati wa kula. Hao nao wasijione wamenusurika. Anayekunywa soda au chai ya sukari akiwa amevivaa hufungia sukari kati ya plastiki na jino. Vifuniko hivyo, pamoja na kile kifaa cha kushikilia meno kinachovaliwa baada ya vyuma kutolewa, husuguliwa kila siku kwa mswaki na maji baridi. Maji ya moto huvipinda vikakosa kuingia tena.

Tatizo kubwa kwa nchi yetu, nionavyo, ni shule za bweni. Mtoto anaamka alfajiri, bomba ni moja na foleni ni ndefu, na kengele ya masomo haisubiri mtu. Mwenye vyuma anayehitaji dakika tano mbele ya kioo hupewa dakika moja na kelele za wenzake. Mzazi, usimwachie mwanao vita hivyo peke yake. Mfungashie vifaa vya muhula mzima: miswaki miwili, viswaki vya kupenyeza, nta ya kupaka mahali waya unapochoma shavu, na kioo kidogo. Mwombe daktari barua ya kumpa mwalimu mkuu, ili mtoto aruhusiwe kwenda kliniki kila majuma manne hadi manane kama alivyopangiwa. Zungumza na matroni. Wengi wao ni wazazi pia, na wakielezwa huelewa.

Kabla ya hayo yote, hakikisha aliyemtia mtoto vyuma ni daktari aliyesajiliwa na Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno, yaani KMPDC. Katika nchi kama Thailand na Indonesia vijana walianza kujitia vyuma bandia kwa ajili ya fasheni, hadi wakuu wa afya wakalazimika kuwaonya. Tamaa hiyo haina mpaka. Anayeahidi kunyoosha meno sebuleni au saluni kwa bei ya kutupa atakuachia meno yanayocheza. Na daktari wa kweli hakubali kutia vyuma kwenye kinywa chenye meno yaliyooza au ufizi unaovuja damu. Kwanza hutibu.

Iwapo mtoto anasafisha ipasavyo kwa majuma kadhaa na harufu haiondoki, arudishwe kwa daktari. Huenda kuna jino lililooza, au kijisahani kimelegea na chakula kinaingia chini yake. Penginepo chanzo ni mafindofindo au mafua ya muda mrefu. Mtoto mdogo anayetoa harufu katika tundu moja la pua huenda alijisokomezea punje ya haragwe au ushanga. Pumzi yenye harufu kama ya matunda yaliyoiva mno, pamoja na kiu kali na kwenda haja ndogo mara kwa mara, inaweza kuwa dalili ya kisukari, na hapo usingoje hata siku moja.

Limebaki suala la kusema. Anayenuka kinywa mara nyingi hajui, kwa kuwa pua huzoea harufu ya mwenyewe. Anaweza kujipima kwa kulamba kifundo cha mkono, kungoja kidogo kikauke, kisha kunusa. Lakini kipimo kizuri zaidi ni mtu anayempenda na asiyemficha. Mwambie faraghani, wala si mbele ya ndugu zake. Usimwambie "unanuka". Mwambie, "Naona chakula kinashika kwenye vyuma vyako, hebu tuangalie pamoja." Kisha mkae naye mbele ya kioo usiku huo huo. Ndugu zake nao wakanywe, kwani jina la utani hudumu kuliko harufu.

Wanaume nao wasidhani hili ni la akina mama. Baba aliyelipa vyuma ana sababu ya kuulizia mswaki kama anavyoulizia alama za hesabu. Yule mpwa wangu alipewa zamu ya kupiga mswaki pamoja na babake kila usiku, na kufikia Agosti ufizi ulikuwa umekoma kutoka damu. Vyuma havijatolewa. Kwenye kwaya amerudi, ingawa anasimama mstari wa nyuma.

Ukiwa na kijana mwenye vyuma nyumbani, anza leo jioni. Mwombe acheke, uangalie palipo na wekundu karibu na ufizi, kisha mtafute mswaki pamoja. Mficha maradhi kifo humuumbua, na mficha harufu huumbuliwa na wenzake darasani.